Uzi: Poda ya madini na losheni za kujitengenezea kwa ngozi zetu (mkorogo haupo humu)

BintiMakorora

Habari za jioni wadau.

Kuna dada aliuliza humu jukwaani ni poda gani haitamwacha na uso wa majivu. Akatajiwa makampuni chungu nzima, nusu yake bei ni kodi ya chumba, na vichekesho vikajaa mpaka swali lenyewe likasahaulika. Nikamwahidi uzi. Huu hapa, dada uliyeuliza njoo ukae mbele.

Niweke wazi mapema: kama umekuja kutafuta cha kukung'arisha uwe mweupe kabla ya harusi, mlango uleee. Zebaki, haidrokwinoni na klobetasoli, zile sumu za kujichubua, hazitajwi humu isipokuwa kwa ubaya.

Mimi niko Tanga. Natengeneza za kwangu, za ndugu zangu na wateja wachache wanaonijua. Maabara ni meza ya jikoni, mizani ya sonara inayosoma mpaka gramu 0.01, mashine ndogo ya kusagia kahawa ambayo haijawahi kuonja kahawa, na barakoa. Mizani nunua kwanza, kabla ya malighafi yoyote. Mtu akikupa kipimo cha kijiko kwenye mambo haya, mshukuru, endelea na safari yako. Kijiko cha oksidi nyekundu (unga wa rangi) na kijiko cha mika (madini yanayong'aa) uzito wake haukaribiani hata kidogo.

Naanza na poda kwa sababu haina maji. Penye ukavu bakteria na ukungu hawaoti, kwa hiyo poda iliyotengenezwa kwa mikono misafi na kufunikwa vizuri inakaa bila kihifadhi chochote. Losheni nitashuka nayo chini huko, na huko nitakuwa mkali.

Sasa kwa nini poda nyingi zinatupausha? Mchawi anaitwa dioksidi ya titani. Ni unga mweupe pee, ndio huohuo unaotia weupe kwenye rangi za ukutani, na kwa kufunika hauna mpinzani. Poda ikiundwa kwa mtu mweupe inajazwa titani. Akija mteja mweusi, wanachukua msingi uleule wanaumwagia kahawia juu. Ndani ya kikopo rangi inaonekana imekaa sawa, ukipaka usoni ule weupe unajitokeza, unakuwa kijivu. Dawa yake ni kupunguza titani mpaka ibaki chembe, kazi ya kufunika wapewe oksidi za chuma wenyewe.

Na oksidi za chuma ziko tatu tu: nyekundu, njano, nyeusi. Kutoka maji ya kunde mpaka mweusi tii, wote tunapatikana humo.

Mfano wa gramu 10 kwa mtu wa maji ya kunde iliyokolea. Mika laini aina ya serisaiti gramu 5, kaolini (udongo mweupe laini) 1, oksidi ya zinki 0.8, silika 0.7, magnesi stearati 0.5. Hapo una msingi wa gramu 8. Rangi sasa: njano gramu 1, nyekundu 0.55, nyeusi 0.25, titani 0.2. Jumla 10 kamili. Kwa aliyekolea zaidi, toa titani yote, ongeza nyeusi na nyekundu kidogokidogo, na kila unachoongeza kipunguze kwenye mika ili jumla isiyumbe. Mika ndiyo inayoteleza na kuleta mng'ao, kaolini na silika zinakunywa mafuta ya uso, magnesi stearati inaishikisha poda kwenye ngozi.

Saga rangi kwanza pamoja na kaolini, peke yao, kwenye kinu kidogo au mashine. Usizirushe zote kwa pamoja na mika, maana mika ikisagwa sana inavunjika na mng'ao unapotea. Washa mashine kwa vipindi vifupi, izime, iache itulie vumbi lishuke ndipo ufungue. Barakoa usoni muda wote, huu unga ni mwembamba na mapafu hayana mlango wa kuutolea. Kujua kama imesagika, chukua chembe weka juu ya karatasi nyeupe, buruza kwa kidole ukikandamiza. Ukiona michirizi ya njano au nyekundu inatoka pembeni ya kahawia, rudisha kwenye mashine. Usipofanya hivyo michirizi hiyohiyo utaiona shavuni mchana kweupe, na watu watakuwa wamekuona kabla yako.

Halafu mika mwishoni, changanya taratibu. Matone mawili matatu ya mafuta ya jojoba yanasaidia isipeperuke.

Kupima rangi paka kwenye taya, siyo kwenye mkono, toka nje kwenye mwanga wa jua, subiri kama dakika 20. Mafuta ya ngozi yakiingia rangi inakolea kidogo, usiharakishe kuhukumu. Ikielekea wekundu, nyekundu imezidi, ongeza njano. Ikielekea kijani, usishangae, nyeusi na njano zikikutana bila nyekundu ya kutosha zinatoa rangi ya zeituni. Ongeza nyekundu kwa ncha ya kijiti cha meno.

Jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: oksidi za chuma zinazuia sehemu ya mwanga unaoonekana kwa macho, ule ambao krimu nyingi za jua zisizo na rangi zinauachia upite. Kwa ngozi zetu mwanga huo unachangia madoa na mabaka kukolea. Kwa hiyo mwenye mabaka ya ujauzito, poda yenye rangi inamfaa kuliko anavyodhani. Ila poda siyo kinga ya jua, hilo nitalirudia.

Karibuni kwa maswali, losheni inakuja.

Mzee wa Siti ya Mbele

Nimekaa paleee. Wife kaniambia nisome nimsimulie.

fundi_sakafu

Mleta uzi heshima kwako. Hiyo oksidi nyekundu si ndiyo hii tunayosilibia sakafu? Duka la vifaa vya ujenzi ipo ya kumwaga, bei chee. Na kaolini nimesikia iko Pugu hapo Kisarawe, mlima mzima. Mnaagiza nje cha nini?

BintiMakorora

Fundi, swali zuri na nilikuwa nalisubiri. Jina ni moja, usafi ni tofauti. Oksidi ya sakafu haijapimwa risasi, aseniki wala kadimiamu kwa sababu hakuna aliyetegemea utaipaka kwenye kope. Ya vipodozi inatengenezwa kiwandani ikiwa na mipaka ya hayo madini. Kwenye lebo tafuta namba: CI 77491 ni nyekundu, 77492 njano, 77499 nyeusi, na titani ni 77891. Muuzaji asiyejua namba hizo mwache auze rangi za sakafu kwa amani.

Udongo wa Pugu ni kweli ni kaolini, na ni mwingi. Lakini ulio ardhini una mchanga wa kwatsi ndani yake, na udongo wowote mbichi unaweza kubeba mbegu za pepopunda. Wa vipodozi umeoshwa, umechujwa na kuuliwa vijidudu. Ukipaka mbichi juu ya chunusi iliyopasuka umejitafutia kesi.

fundi_sakafu

Nimekuelewa mkuu. Nilikuwa nishaanza kupiga hesabu ya biashara 😂

Glow_ya_Kasarani

Salamu kutoka Nairobi. Mimi hutengeneza mafuta ya kupaka nikitumia shea ya Uganda na mafuta ya nazi. Siku ya kwanza huwa poa sana, laini. Baada ya wiki hivi inakuwa na chengachenga, mtu akipaka anahisi anajisugua na mchanga. Nimebadilisha supplier na bado. Shida iko wapi?

BintiMakorora

Supplier muache mama wa watu, shida iko kwenye kupoza. Shea ni mafuta ya aina nyingi ndani ya mafuta, kila moja linaganda kwa joto lake. Ukiyeyusha halafu ukaacha chombo mezani kipoe polepole, yale magumu yanaganda mapema na kujikusanya, hizo ndizo chenga. Yeyusha upya yote mpaka isibaki hata punje, kisha zamisha chombo kwenye maji ya barafu huku unakoroga bila kuacha. Ikianza kuwa nzito kama uji mwepesi, mimina kwenye vikopo na uvitie kwenye frija sehemu ya kugandishia.

Kitu kingine, shea ya kaskazini mwa Uganda, ile ya Lango na Acholi, ina asidi ya oleiki nyingi kuliko ya Afrika Magharibi. Ni laini zaidi na inayeyuka mapema. Ukifuata kipimo cha mtu wa Ghana utapata kitu kinachomwagika. Ongeza nta ya nyuki. Mafuta ya nazi nayo yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, kwa hiyo huko kwenu Julai ni jiwe, huku Tanga ni maji mwaka karibu wote. Mimi hapa pwani naweka nta asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wote, wewe Nairobi jaribu 8 mpaka 10. Nta ya Tabora ukiipata nzuri, harufu yake tu inatosha, hutahitaji manukato.

Glow_ya_Kasarani

Wacha nijaribu leo usiku. Asante sana dadangu.

SomoWaNgambo

Assalaam alaykum wanangu. Nimesoma nikacheka. Sisi Unguja biharusi alikuwa akisingwa kwa singo, maua yaliyotwangwa ya kusugulia mwili, siku saba, asumini, mkilua, mlangilangi, waridi, liwa, ule mti wa kunukia, ikisuguliwa kwenye jiwe la msio kwa marashi, na ngozi ikiteleza. Hakuna mizani wala hizo oksidi. Na hakuna aliyekwenda hospitali. Hizi dawa mnazotia za kuzuia kuoza ndizo zinazowaharibu.

BintiMakorora

Shikamoo somo. Karibu sana, uzi umepata baraka.

Nikuulize kwa heshima: liwa ikishasuguliwa kwenye msio, ilikuwa ikilazwa?

SomoWaNgambo

Marahaba. Ilazwe ya nini? Ya leo ni ya leo. Singo inatwangwa, inasingwa, inakwisha. Ikilala inanuka.

BintiMakorora

Basi somo umenimalizia darasa. Wazee wetu hawakuhitaji kihifadhi kwa sababu hawakuweka akiba. Sisi tunataka liwa na marashi zikae kwenye chupa ya pampu miezi mitatu bafuni, kwenye joto la Tanga, tunaingiza vidole kila asubuhi. Hapo ndipo dawa inapohitajika. Anayeweza kutwanga kila siku atwange kama somo, simlazimishi kihifadhi kama fenoksiethanoli.

Ila somo kuna mawili ya zamani nitakupinga. La kwanza ni wanja wa manga. Nao ni madini, nao ni wa kujipamba, lakini mwingi wa ule wa jiwe ni galena, yaani risasi na salfa. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na sisi ndio tunaowachora vichanga macho na nyusi. Oksidi nyeusi ya chuma ile ya CI 77499 inaruhusiwa machoni, ichanganye na mafuta ya mbarika na nta kidogo, weusi wake haupishani na ule.

La pili ni piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi. Hina ya jani inatoa machungwa mpaka kahawia, na inataka masaa. Ukiona imekuwa nyeusi tii baada ya dakika chache, hapo kuna PPD, rangi ya kutia nywele. Ulaya inaruhusiwa kwenye nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na kwenye ngozi imekatazwa kabisa. Nimeona mkono wa biharusi wenye malengelenge yaliyofuata maua ya piko petali kwa petali. Na ukishapata mzio wake hauishi, hata ukija kupaka nywele mvi zimeanza, utavimba kichwa.

SomoWaNgambo

La piko nakubaliana nawe, mwenyewe siwatii wari wangu. La wanja nitaliuliza.

Mpemba_Halisi

Naona mwataja manukato hamtaji karafuu. Huku Chake kiwanda cha makonyo ya karafuu cha Wawi kinatoa mafuta ya karafuu safi. Mke wangu anatia kwenye mafuta ya nazi anapaka uso mzima, chunusi zinakimbia.

BintiMakorora

Kaka, chunusi zinakimbia na ngozi inazifuata. Mafuta ya karafuu sehemu kubwa yake ni yujenoli, inaua vijidudu kweli, na inaunguza kweli. Kwenye ngozi isizidi nusu ya asilimia moja, yaani gramu 0.5 ndani ya gramu 100 za mafuta. Usoni mimi siweki kabisa. Mwambie wifi aiache kwa miguu na mgongo, tena kwa kipimo.

BintiMakorora

Haya, sehemu ya pili. Losheni.

Kipimo cha gramu 100: maji yaliyotoneshwa 70, gliserini 4, niasinamaidi (aina ya vitamini B3) 4, nta ya kuunganishia 6, mafuta ya ubuyu 10, mafuta ya ufuta 4.5, vitamini E 0.5, kihifadhi 1.

Nta ya kuunganishia siyo nta ya nyuki. Ya nyuki peke yake haiwezi kuyapatanisha maji na mafuta, itakudanganya saa ya kwanza halafu asubuhi utakuta maji chini mafuta juu. Ulizia inayouzwa kwa watengenezaji wa losheni, wanaijua.

Mafuta ya ubuyu yanatoka kwenye mbegu, ukipata yaliyokamuliwa bila moto upande wa Dodoma usiyaachie. Hayaachi utando, yanaingia. Ya nazi siyaweki kwenye losheni ya uso kwa sababu wengi yanawaziba vinyweleo. Kuna ambao hayawafanyi kitu, hao na wajishukuru.

Vyombo vyote pitisha kwenye spiriti asilimia 70, viache vikauke vyenyewe, usifute kwa kanga. Maji, gliserini na niasinamaidi kwenye bilauri moja ya kuhimili moto, nta na mafuta kwenye nyingine, zote mbili ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka zifike nyuzi 70 hadi 75. Zote mbili, siyo moja. Mafuta ya moto yakikutana na maji ya baridi nta inaganda palepale. Mimina mafuta kwenye maji, piga kwa mashine ya mkono dakika mbili tatu, pumzika, piga tena. Utaona inabadilika kutoka maji ya maziwa mpaka krimu yenyewe kadiri inavyopoa, na inaendelea kukaza mpaka kesho yake, kwa hiyo usiongeze nta kwa sababu leo jioni inaonekana nyepesi. Ikishuka chini ya nyuzi 40 tia vitamini E na kihifadhi, koroga, pima pH (kipimo cha uchachu) kwa karatasi. Lenga 5.5 mpaka 6. Niasinamaidi ikikaa kwenye uchachu mkali inavunjika na kutoa asidi ya nikotiniki, uso unawaka mwekundu na kuwasha, halafu mnasema niasinamaidi imewakataa.

Tia kwenye chupa ya pampu. Kopo la mdomo mpana ni mwaliko kwa vidole.

Kihifadhi ninachotumia ni fenoksiethanoli iliyochanganywa na ethilheksiligliserini. Ulaya fenoksiethanoli inaruhusiwa mpaka asilimia 1 na haizidi hapo. Sodiamu benzoeti na potasiamu sobati ni nzuri pia lakini zinafanya kazi pH ikiwa chini, kama 5 kushuka, kwa hiyo kwa losheni hii hazifai.

NasmaK

Da Binti, mbona vitamini E ipo tayari, kwa nini uongeze kihifadhi kingine? Na nikiweka frijini je? Mimi kemikali naziogopa, mama mkubwa kafa na kansa.

BintiMakorora

Pole sana mdogo wangu, Mungu amrehemu.

Vitamini E inazuia mafuta yasichache. Bakteria haiwagusi hata kidogo. Frijini wanapunguza mwendo tu, hawafi, na kila ukitoa chupa unawaamsha. Tatizo ni kwamba bakteria hawajitangazi, losheni inaweza kuwa imejaa na bado inanukia waridi. Kuna mmoja anaitwa Pseudomonas anapenda maji maji ya vipodozi, akiingia jichoni anaweza kulichukua jicho. Huyo ndiye wa kuogopa. Kihifadhi kikikaa ndani ya kiwango chake, mimi nalala usingizi.

Na mshubiri mbichi wa uani ni vilevile. Ute wake ni maji na sukari, siku mbili umeoza. Ukitaka kuutumia, kata jani, lisimamishe mpaka ule utomvu wa njano uchuruzike wote maana huo unawasha, chukua ute, paka, ubakiao tupa. Na wale wenzetu wa Paje na Jambiani wanaochemsha mwani mpaka ukawa jeli, mwani ni mzuri mno, ule wa aina ya spinosamu unatoa jeli laini ajabu, lakini sheria ni hiyohiyo.

Mkaka_Mtanashati

Sisi wenye vipele vya kunyoa mmetusahau? Nimeambiwa nisage aspirini nichanganye na ndimu.

BintiMakorora

Aspirini ni asidi ya asetilisalisiliki, inayotakiwa ni asidi ya salisiliki, ni ndugu ila si mmoja. Na hiyo ya kweli haiyeyuki kwenye maji ya kawaida, inataka spiriti au propilini glaikoli, ukikosea inabaki na chembe zinazounguza sehemu moja moja. Kwa vipele vya ndevu nunua iliyotengenezwa tayari, asilimia 2, paka usiku, na acha kunyoa kinyume na nywele zinakoelekea. Siyo kila kitu lazima tupike wenyewe.

Ndimu ndiyo usithubutu. pH yake ni kama 2, na ndani ya ganda lake kuna vitu vinavyokutana na jua vikaunguza ngozi. Ukipaka ukatoka nje unarudi na doa jeusi litakalokaa miezi. Sisi ngozi yetu ikiumia hivyo inajibu kwa weusi, na kila mtu anayepaka ndimu anapaka kuondoa weusi. Sijui nani alituroga.

chuo_kikuu_cha_maisha

Vitamini C je? Kila video wanatengeneza seramu kwa maji na unga, dakika moja.

BintiMakorora

Inawezekana, ndiyo mojawapo ya rahisi kuichanganya na ngumu kuitunza. Asidi ya askobiki inataka pH chini ya 3.5 ili iingie, asilimia 10 mpaka 15 kwa anayeanza. Ndani ya maji inaharibika kwa hewa na mwanga, ikigeuka rangi ya chai mwaga. Tengeneza ya wiki moja, chupa nyeusi, frijini. Na mwenye ngozi inayokasirika haraka aiache, niasinamaidi inamtosha.

Mama_Watatu_Moro

Mimi nina mtoto mwenye ualbino. Nimeona unataja zinki. Naweza kumchanganyia krimu ya jua nyumbani? Za dukani bei zinaua.

BintiMakorora

Dada yangu, hapana. Hapa sitalegeza. Zinki ukiikoroga kwa mkono inajikusanya mafungumafungu, panaachwa matundu usiyoyaona, na jua linaingia palepale. Kiwango cha kinga hakijulikani kwa macho, kinapimwa maabara. Kwa mtoto mwenye ualbino kosa hilo ni saratani ya ngozi.

Ulizia krimu ya jua inayoitwa Kilisun. Inatengenezwa Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kituo chao cha magonjwa ya ngozi, maalumu kwa watu wenye ualbino. Uliza kliniki ya ngozi ya mkoa au chama cha watu wenye ualbino hapo Morogoro, watakuelekeza inagawiwa wapi. Na kofia pana, mikono mirefu, hizo hazina bei kubwa. Nikutumie ujumbe nikusaidie kuulizia?

Mama_Watatu_Moro

Nitashukuru dada. Ubarikiwe.

kanjanja_mstaarabu

Tuongee hela sasa. Nikiwa na vikopo vyangu mia, nauzaje?

BintiMakorora

Vipodozi kwa sasa viko chini ya TBS (Shirika la Viwango), tangu 2019 walipovitoa kwa iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa). Bidhaa na mahali unapotengenezea vyote vinasajiliwa, na meza ya jikoni haipiti. Pita SIDO (shirika la viwanda vidogo) kwanza, wanakuelekeza vizuri kwa mjasiriamali mdogo. Lebo iwe na viungo vyote, tarehe na namba ya toleo. Na usiandike "inatibu", ukiandika hivyo umetoka kwenye vipodozi umeingia kwenye dawa, na huko ni wenzao wengine wanaokuja kugonga.

Mika nayo uliza inatoka wapi. Nyingi inachimbwa India na Madagaska, na watoto wamo machimboni. Iliyotengenezwa maabara ipo, ghali kidogo, inang'aa zaidi.

Glow_ya_Kasarani

Nimerudi na ripoti! Barafu imefanya kazi, shea imetoka laini kabisa, hakuna chenga hata moja. Sasa nimeingia kwa poda. Nimefuata kipimo chako cha gramu 10 lakini mimi ni mweusi kukuliko, kwa taya iko sawa lakini kwa paji la uso inakaa kijivu kidogo. Naongeza nyeusi?

BintiMakorora

Hongera! Usiongeze nyeusi, kijivu kitazidi. Kijivu maana yake bado kuna weupe ndani. Titani umeweka ile 0.2? Batchi ijayo iache yote, na zinki ishushe mpaka 0.4, ulichopunguza ongeza kwenye mika. Kwa hii uliyonayo tia nyekundu 0.05 na njano 0.05, saga upya zile rangi na kijiko kimoja cha poda kwanza ndipo urudishe kwenye nyingine. Paji la wengi wetu ni jeusi kuliko mashavu, kwa hiyo ikikubali taya na paji ikabaki tofauti kidogo, tengeneza vikopo viwili.

Glow_ya_Kasarani

Sawa. Na hiyo kinu nilitumia ile ya kitunguu saumu, poda inanukia mchuzi 😭

BintiMakorora

😂😂 Sugua kwa mchele mkavu, kisha spiriti. Isipotoka, hicho rudisha jikoni ununue kingine.